Mashimo Tisa Mbele ya Nyumba ya Mama

Mama alipopooza upande wa kushoto, kitu cha kwanza alichoomba ni kukaa nje. Alikuwa amelima pamba na mahindi Nkololo tangu alipoolewa, na kwa miaka yote hiyo ndani ya nyumba aliingia kula na kulala tu. Sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mbele ya mlango wake palikuwa na baraza ya saruji iliyopasuka vipande vinne, kila kipande kimeinamia upande wake. Kiti hakikuweza kupita. Akitaka kuona jua, ilibidi watu wawili wambebe, naye hakupenda kubebwa.

Baraza ile ilikuwa ya tatu. Mimi nafundisha shule ya msingi Somanda, na kila likizo nilikuja na fundi kutoka mjini. Fundi alimwaga zege jipya, zege likakaa msimu mmoja wa mvua, likapasuka. Nyumba yetu imejengwa juu ya mbuga, yaani ule udongo mweusi unaopendwa na pamba, unaovimba ukinywa maji na kuchanika ukikauka. Mtu wa kwetu anakua akiujua. Nilidhani na mimi naujua.

Mwezi wa nane, mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja na baiskeli yake. Ni seremala, ameezeka mapaa mengi pale kijijini, na ni mtu wa maneno machache. Alimwamkia mama kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa.

"Mwangaluka, dada."

Mama aliitikia polepole, kwa sababu ulimi nao ulikuwa bado mzito. Kisha akamwonyesha baraza kwa mkono wake mzima.

Mjomba hakuitazama. Alichukua kipande kirefu cha waya wa fensi, akatembea uwanjani akiangalia chini mpaka akapata ufa ulioingia mkono wangu bila kugusa pembeni. Akaanza kuuteremsha waya ndani ya ufa ule, taratibu, akiuzungusha ulipokwama. Waya uliendelea kushuka. Nilisubiri ugote, haukugota. Ulipokataa kabisa, aliushika kwa vidole usawa wa ardhi, akauvuta nje, akausimamisha kando yangu. Ulinifika kifuani.

"Udongo unapumua mpaka hapa," alisema. "Mafundi wako wanaweka zege juu ya kifua cha mtu anayepumua."

"Sasa tufanyeje, mjomba?"

"Tutashuka chini ya pumzi yake. Huku juu tutaweka mbao."

Nilimwambia nilichokuwa nakiogopa: mchwa wangekula mbao zote kabla ya mavuno mawili. Alitikisa kichwa, akasema mchwa nao amewafikiria. Alikuwa na boriti tatu nene za mninga, alizoziokoa ghala moja la zamani la pamba lilipobomolewa, na kila boriti ingehitaji nguzo tatu fupi za zege kuibeba. Kwa hiyo mashimo yangekuwa tisa. Alipima kwa kamba na vigingi vya miti, akahakikisha pembe, na kesho yake yeye na majirani wawili wakaivunja baraza ile na kuanza kuchimba.

Nilikuwa likizo, nikakaa kuwapikia. Siku ya pili mjomba aliniita kwenye shimo la kwanza.

"Shuka uone."

Nilishuka kwa ngazi ya miti. Shimo lilikuwa jembamba, na baridi ya humo ndani ilinishangaza, maana juu jua lilikuwa linachoma. Mjomba alinionyesha ukuta wa udongo. Ulikuwa na sehemu laini zinazong'aa, kama ngozi ya kiti kilichokaliwa miaka mingi. Nilipitisha kidole. Hakuna mtu aliyewahi kupagusa pale.

"Ni udongo unaojisugua wenyewe," alisema kutoka juu. "Kila mvua huu unapanda, kila kiangazi unashuka. Unajisugua hivyo tangu enzi za mababu wa mababu."

Miguuni pangu rangi ilibadilika ghafla. Weusi ulikoma, na chini yake palikuwa na udongo mweupe, mgumu, wenye vijiwe kama chokaa. Nilikanyaga kwa kisigino, haukubonyea hata kidogo. Nilizaliwa hatua ishirini kutoka pale. Nilicheza pale, nilipalilia pale, nilimzika baba si mbali na pale, na sikuwahi kujua kwamba chini yetu kuna kitu kilichotulia namna ile. Nilichuchumaa nikakwaruza vile vijiwe kwa kucha, mpaka mjomba akauliza kama nimezidiwa.

Nilipopanda juu nilimweleza mama. Alisema neno moja: "Nipelekeni." Safari hii hakukataa kubebwa. Tulimkalisha kwenye kigoda ukingoni, jirani mmoja akimshika mabega, naye akainama akatazama chini muda mrefu.

"Miaka yote nimekuwa nikikwaruza ngozi tu," alisema.

Zege lilichanganywa kwa koleo, likamwagwa kwanza chini kabisa, kama kitako kipana juu ya ule udongo mweupe, kisha likapandishwa kuwa nguzo yenye nondo ndani. Mjomba alizizungushia nguzo karatasi nene ya nailoni, ili udongo ukivimba uteleze juu yake, usizishike na kuzinyanyua. Juu ya kila nguzo alizamisha chuma chenye umbo la herufi U, kilichochomelewa mjini Bariadi. Boriti ingekaa ndani ya chuma hicho, isiguse zege, kwa sababu zege hufyonza maji na mbao huyanywa. Chini ya chuma aliweka kofia ya bati iliyokunjwa kuelekea chini. Mchwa akipanda nguzo, atafika kwenye bati na kulazimika kutoka hadharani, na hapo atakuwa ameonekana.

Nguzo zilifunikwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Mama ndiye aliyesimamia. Kila baada ya muda sauti yake ilitoka mlangoni: "Zege limekunywa?" Mtu akikaa kimya, alirudia mpaka ndoo isikike.

Siku ya kupandisha boriti, mjomba alileta mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Alishika ncha moja kwenye nguzo ya kwanza, mimi nikashika nyingine kwenye nguzo ya mbali. Maji yalipanda na kushuka kidogo, yakatulia. Nilitazama mstari wa maji upande wangu, na pale pale ulipokuwa mstari ndipo ilipokuwa alama ya penseli ambayo mjomba aliichora kwenye nguzo. Nguzo zote tisa zilikuwa hivyo. Alikuwa amezisawazisha kwa macho na kamba tu, na maji yalikuwa yanamkubalia.

Wanaume wanane walibeba kila boriti. Zilizama kwenye vyuma kwa sauti nzito, bolti zikakazwa, na mbao zikapigiliwa juu zikiwa zimepakwa oili chafu mpaka zikawa nyeusi. Kati ya boriti na ardhi mjomba aliacha nafasi ya shibiri moja. Nilimuuliza kwa nini asizishushe, mteremko wa kushushia kiti cha mama uwanjani ungekuwa mfupi zaidi.

"Udongo utakuja juu," alisema. "Ukija ukute nafasi. Usikute mbao."

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa kumi na moja. Nilirudi mwishoni mwa mwezi na bodaboda, matope yakiwa mpaka kwenye magoti. Nyufa za uwanjani zilikuwa zimefumba zote. Mlango wa jikoni ulikuwa umekaza, haufungiki, na kwenye ukuta wa chumba changu ulikuwa umefunguka ufa mpya. Nyumba nzima ilikuwa inanyanyuliwa kidogo kidogo, na tuliokuwa ndani hatukusikia chochote.

Nililala kifudifudi kwenye nyasi mbichi, nikaingiza mkono chini ya sakafu ya mbao. Shibiri ya mjomba ilikuwa imepungua vidole viwili. Udongo ulikuwa umekuja, kama alivyosema. Nikainuka, nikaweka pimamaji juu ya mbao, na kiputo chake cha hewa kikaenda katikati kikakaa. Nililihamishia upande wa pili, kikakaa. Nililiweka kila pembe. Ardhi yote ilikuwa inatembea, na sakafu ya mama ilikuwa imesimama juu ya kitu kisichojua kama kumenyesha.

Mama alikuwa amekaa pale, bati lililotokeza juu ya mlango likimkinga, amejisukuma mwenyewe kutoka ndani. Aliniuliza mbona natambaa kama mtoto.

Jumapili iliyofuata katekista alikuja kumletea komunyo, na jumuiya nzima ikaja naye. Nilihesabu watu kumi na wanane juu ya zile mbao, wamesimama wameshikana mabega, wanaimba, na wanawake watatu wakapiga miguu kwa mdundo. Nilimtafuta mjomba nisimwone. Nikainama. Alikuwa amejipenyeza chini ya sakafu, katikati ya boriti mbili, chali, mikono kifuani, anatazama boriti zake moja baada ya nyingine huku tope lililokauka la nyayo likimdondokea usoni.

Hakutoka mpaka wimbo ulipoisha. Alijikung'uta, akakaa kwenye ukingo wa sakafu karibu na dada yake, nikampa chai. Mama aliweka mkono wake mzima juu ya bega lake, na mjomba akanywa bila kuuondoa.