Tofu ya Injinia na Kijiko cha Samli

Saa kumi na mbili kasoro jioni, jua la Ihumwa bado halijapunguza ukali, na Zipora Chidawali (44) amesimama jikoni akitazama kipande cheupe kilicholala kwenye sinia. Amekifunika kwa kitambaa safi, juu yake ameweka kibao kipya cha kukatia mboga, na juu ya kibao amekalisha dumu la mafuta ya alizeti. Maji yanachuruzika taratibu pembeni.

"Hii inaitwa tofu," anasema, kwa sauti ya mama anayemtambulisha mkwe ambaye bado hajamkubali. "Lazima ikamuliwe kwanza, la sivyo itarusha mafuta na kuniunguza."

Kwa msomaji ambaye naye inamchanganya, tofu ni soya iliyosagwa, ikakamuliwa tui lake, tui likagandishwa na kukandamizwa hadi likawa na umbo la jibini. Zipora alielezwa hivyo na Evarista, mama wa Kisabato anayeitengeneza nyumbani kwake na kuiuza soko la Majengo. Hakuridhika na maelezo hayo. Alimwuliza Evarista, kama inaganda na kukatwa kwa kisu, ng'ombe wake yuko wapi, na Evarista alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Leo si siku ya kucheka. Chakula cha jioni hii ndicho kitakachoamua kama Zipora atabaki kuwa mpishi wa nyumba hii ya wageni au atarudi kufua mashuka, kazi aliyoajiriwa nayo. Mwenye nyumba, Bi. Frida, mtumishi wa umma mstaafu, amemwambia bila kupindisha maneno kwamba mgeni akiridhika, jiko ni lake. Asiporidhika, Jumatatu anakuja mpishi wa kiume kutoka mjini, mwenye cheti na kofia yake nyeupe.

Mgeni mwenyewe ni Ambokile, injinia wa maji, mwenyeji wa Rungwe, mrefu kiasi cha kuinama kila anapopita mlangoni. Kampuni yake inatafuta mahali pa kulaza mafundi watakaochimba visima huku Ihumwa kwa miezi kadhaa, naye ndiye aliyetumwa kuijaribu nyumba kwanza. Ni mpole, anaamka mapema, anatandika kitanda chake mwenyewe. Tatizo ni sahani yake.

Hali nyama, hali samaki wala mayai. Maziwa hanywi, samli hagusi, na Zipora alipodhani orodha imekwisha, akaambiwa na asali pia hapana.

"Nikamwambia, Injinia, asali si ya ng'ombe. Akasema anajua, ni ya nyuki. Nikanyamaza," anasimulia Zipora. "Angekuwa Mzungu ningeelewa. Lakini Mnyakyusa? Watu wa ng'ombe na maziwa kama sisi?"

Alimdadisi kwa heshima zote. Ni tumbo? Hapana. Ni daktari? Hapana. Ni kanisa? Injinia alitabasamu, akasema kanisani kwao wachungaji ndio wa kwanza kufika kwenye pilau. Labda amefiwa na ameweka nadhiri? Hapana, mama, nimeamua tu.

Hilo "nimeamua tu" limemkaa Zipora kichwani kama kokoto kiatuni. Kwao Gulwe, wilayani Mpwapwa, anasema, mtu akikataa nyama nyumbani kwako ujue ni mgonjwa, au ana neno na wewe. Kuamua tu, bila sababu, ni jambo ambalo hajawahi kuliona.

Zipora alianza kuhangaika na maisha kwa kuuza karanga za kuchemsha kwenye madirisha ya treni stesheni ya Gulwe. Mume wake, Meshack, alipofariki, alikuja Dodoma mjini na watoto wawili, akapanga chumba Nkuhungu. Alifua nguo za watu, akafagia ofisi, hatimaye akapata kazi ya usafi hapa Ihumwa. Jiko aliliingia siku mpishi wa zamani alipoondoka bila kuaga. Kwa kufua analipwa shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi. Akithibitishwa upishi atapata laki mbili, na Angelina, binti yake wa kidato cha tatu, ataacha kutembea kutoka Nkuhungu kwenda shule na atalala bwenini.

Sasa anaiondoa tofu kwenye kitambaa na kuikata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Injinia alimwelekeza avipake wanga wa mahindi. Hakuupata, anatumia unga wa muhogo. Vipande vinaingia kwenye mafuta ya alizeti, vinalia, vinageuka rangi. Pembeni amekamua machungwa mawili ya Muheza na ndimu moja, amekwaruza na maganda kidogo, akaweka tangawizi, kitunguu saumu, sukari na vijiko viwili vya soya sosi. Mchanganyiko unachemka hadi unakuwa rojo linalong'aa, kisha vipande vinatumbukizwa na kugeuzwa mpaka vinavaa rangi ya dhahabu. Jiko lote linanukia machungwa.

Nusu saa haifiki, na hilo nalo linamsumbua. Chakula cha mgeni, kwa mazoea yake, kinachukua muda, moshi unaonekana, mgeni anakaa nje anajua kwamba anahangaikiwa. Hiki kinaiva kabla mgeni hajamaliza kunawa. "Chakula cha haraka hivi ni cha mtu anayewahi treni," anasema.

Hata hivyo si uharaka uliomponza Jumatatu iliyopita. Jioni ile alipika tofu kwa mara ya kwanza, kwa maelekezo yale yale, na ikatoka vizuri. Bi. Frida alipita jikoni na kumwuliza kama ametumia samli. Zipora akajibu kwamba hajapikia samli hata chembe, na alikuwa anasema kweli.

Kisha akapakua. Sahani ilipokuwa tayari, mkono wake ukaenda kabatini, ukachukua kijiko kimoja cha samli ya nyumbani na kukimwagia juu.

Zipora anaeleza jambo hili polepole, kama anajieleza mwenyewe. Kwao, anasema, samli ya mgeni haihesabiwi kwenye mapishi. Inatiwa chakula kikishaiva, na mwanamke mkubwa wa nyumba, kwa mkono wake, bila kusema kitu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Kumpa mgeni chakula bila kijiko kile ni sawa na kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Hata mwaka wa njaa, walipokula mlenda na ugali wa uwele kwa wiki nzima, kijiko cha mgeni kilikuwepo, kimefichwa kwenye kibuyu.

"Sikudanganya," anasema, na hapa sauti inapanda. "Niliulizwa nimepikia nini, nikajibu nilichopikia. Ile haikuwa chakula. Ile ilikuwa 'karibu mgeni'."

Injinia alikuwa amefika nusu ya sahani. Alisifu harufu, akauliza ni kiungo gani, na Zipora, kwa fahari yote, akamwambia. Injinia akaweka uma chini. Akashukuru, akanawa mikono, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

"Bora angefoka," anasema Zipora. "Mtu akifoka unajua umemkosea wapi."

Kulipokucha Injinia aliondoka kwenda kukagua visima vijijini, akaacha ujumbe kwa Bi. Frida kwamba atarudi Ijumaa na ndipo atatoa uamuzi. Bi. Frida hakuwa na subira kama hiyo. Alimwita Zipora sebuleni na kumwambia kwamba kupika vibaya anaweza kuvumilia, lakini mpishi mwongo hawezi kumweka jikoni, labda mgeni mwenyewe aridhike hiyo Ijumaa. Zipora alijaribu kueleza kuhusu kijiko, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Neno hilo limemuuma kuliko habari ya mshahara. Amelia kwa ajili yake, na hafichi.

Mlango wa mbele unafunguliwa. Ambokile anaingia akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, anainama, anasalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari."

Anaketi. Bi. Frida naye anaketi meza ya pili, amefungua gazeti ambalo halisomi. Jikoni, Zipora anapakua wali, mchicha uliokaangwa kwa alizeti, na tofu inayong'aa. Anafuta ukingo wa sahani. Anasimama.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mlangoni na aliuona mkono wake ukinyanyuka kuelekea kabatini, ukaishia hewani, ukarudi. Sahani imekamilika na yeye haoni kama imekamilika. Anaizunguka kwa macho.

Mwisho anaibeba, anaiweka mbele ya mgeni, lakini haondoki. Bi. Frida anainua macho kutoka kwenye gazeti.

"Injinia," anasema Zipora, "humu hamna samli, hamna asali, hamna kitu cha mnyama wala cha mdudu. Nimekosha na sufuria mara mbili. Lakini kwetu mgeni hapewi sahani tupu hivi. Siku ile, ile samli haikuwa ya kupikia, ilikuwa ya kukukaribisha. Sasa hiyo huli. Basi niambie mwenyewe, nikukaribishe na nini?"

Ambokile anainamia sahani, mvuke wake ukimpanda usoni. Anapojibu, anajibu kwa sauti ya chini, na Bi. Frida inambidi aegemee mbele ili asikie.

Anasema Jumatatu hakukasirika. Bibi yake kule Rungwe alikuwa anamwaga samli vile vile, juu ya wali, mwishoni, bila kusema. Hata alipouliza kiungo alikuwa ameshaanza kuitambua, alitaka tu kuhakikisha. Alitaka kuimaliza ile sahani, na kuilamba. Ndiyo sababu aliondoka mezani.

Zipora anamsikiliza, kinywa kimeachama kidogo. Bi. Frida amekunja gazeti.

"Na matunda je?" anauliza Zipora hatimaye. "Bibi hakuwa anakupa tunda?"

"Alikuwa ananimenyea," anasema Ambokile. "Mbele yangu, kwa mkono wake. Hakuruhusu nishike kisu."

Zipora anarudi jikoni, anatoka na chungwa la mwisho na kisu kidogo. Anavuta kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwenye chumba hiki, anaketi mbele ya mgeni wake na kumenya. Ganda linashuka taratibu bila kukatika. Anagawa vipande, anaviweka pembeni mwa sahani, na cha mwisho anakikamulia juu ya tofu.

Ndipo Ambokile anapochukua uma. Anakula tofu yote, mchicha wote, wali wote, na machungwa yake.

Akimaliza anamgeukia Bi. Frida na kumwambia kwamba mafundi wataanza kuja wiki ijayo. Watu tisa, pamoja na yeye. Bi. Frida, aliyekwisha kuanza kupiga hesabu za soya kichwani, anauliza kama tofu ya Evarista itatosheleza watu wote hao.

"Tofu?" anasema Ambokile. "Hapana, mama. Hawa wenzangu wote wanakula nyama. Hasa mbuzi."

Zipora anamtazama Bi. Frida, Bi. Frida anamtazama Zipora, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu wanawake hawa wawili wako upande mmoja, upande wa wasioelewa kitu. Kisha Bi. Frida anacheka, anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Anamwambia Zipora kwamba mpishi wa mjini hatakuja. Halafu anaongeza, bila kumtazama, kwamba lile neno alilomwita siku ile analifuta.

Baadaye, vyombo vikiwa vimeoshwa, Zipora anakaa kwenye kigoda cha jikoni na kuokota kipande cha tofu kilichobaki kwenye kikaango. Anakiri kwamba hajawahi kuionja. Anatafuna, anatazama ukuta, anatafuna tena. Anasema ladha ni ya machungwa, na chini ya machungwa anahisi kuna kitu lakini hakijui jina.

Anazungumzia mipango yake. Angelina ataingia bwenini muhula ujao, hilo la kwanza. Kisha, Mungu akijalia, anataka kufungua mgahawa wake mwenyewe hapa hapa Ihumwa, meza nne za kuanzia. Kutakuwa na mlenda, kutakuwa na mbuzi, na tofu itakuwepo kwa yeyote atakayeiulizia.

Anaulizwa kama sasa amemwelewa mgeni wake. Anatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anaipenda samli. Anaitamani, umemsikia mwenyewe. Na haili. Kwa hiyo sijamwelewa, tena leo ndiyo nimezidi kutomwelewa," anasema, na kuinuka kuzima taa ya jikoni. "Lakini mgahawani kwangu, mtu akiingia nitamwuliza anakula nini na anakaribishwaje. Habari ya kwa nini, hiyo sitamwuliza tena mtu. Ashibe tu."