Tairi Lililokaa Eda

Eda yangu ilimalizika Jumapili, tarehe 13 Julai: miezi minne na siku kumi kamili, nilizihesabu mwenyewe. Kesho yake shemeji yangu Hamisi, mdogo wa marehemu mume wangu, alinipigia simu kutoka Kinjumbi. Alitaka pikipiki ya marehemu, ile yenye kigari cha abiria ubavuni, iuzwe kabla haijaniua.

"Barabara ndefu huiwezi, shemeji."

Nilimjibu kwamba kesho, kabla ya alasiri, nitafika kwake nikiiendesha mwenyewe. Nikishindwa, aiuze.

Jumanne, tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Kiranjeranje. Marehemu alinifundisha kuendesha katikati ya mikorosho yetu, lakini safari hii nilikuwa nimeifanya miaka kumi na tisa nikiwa nimeketi kigarini. Sasa kigari kilikuwa kitupu, na kila kona ya kushoto gurudumu lake liliinuka kutoka barabarani. Tairi la nyuma nalo liliyumba. Nilikwenda polepole, bila mtu wa kumwambia kwamba naogopa.

Saa nne nilifika Nangurukuru, kwa fundi wa matairi aitwaye Selemani. Alipapasa tairi la nyuma kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Hili limesimama muda gani?"

"Marahaba. Miezi minne na siku kumi."

"Kumbe tairi nalo limekaa eda!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Machi. Alisema kweli. Kwa kuheshimu msiba, hakuna aliyeigusa pikipiki: upepo ulitoka, uzito ukalalia mahali pamoja, jua likapasua mbavu za tairi la nyuma na la kigari. La mbele, lililokuwa kivulini, lilisalimika.

Kisha akanionyesha jinsi kashata, yale mafundo ya mpira yanayoshika barabara, zilivyolika zaidi upande wa kushoto. "Kigarini alikaa mtu mzito."

"Mtu huyo ni mimi."

"Lo! Samahani, mama."

"Usiombe radhi. Ndivyo ilivyokuwa."

Alileta tairi la bodaboda. "Hili linapaa!"

"Bodaboda hulala kwenye kona. Yangu haiwezi kulala, ina kigari. Nataka lenye uso bapa na ubavu mnene."

Akaleta jingine, linang'aa. Nilivaa miwani nikasoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lilikuwa na umri wa miaka saba.

"Mama, umetumwa na serikali?"

"Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Nilichelewa, kwa hiyo siachi kitu bila kukisoma."

Tairi la tatu lilikuwa la mwaka huu. Alifunga hilo nyuma, na mwenzake kwenye kigari. Nikamwomba mfuko wa mchanga, ili kigari kisiinuke.

"Kilo ngapi, mama?"

"Kadiria mtu wa uzito wangu."

Saa tisa kasoro dakika kumi niliingia Kinjumbi, baada ya lami na kipande kirefu cha vumbi. Pikipiki haikuyumba tena. Hamisi aliizunguka mara mbili, akalikanyaga tairi kwa kisigino, akautazama mfuko.

"Na huu?"

"Hapo ndipo nilipokuwa nakaa."

Aliushusha mfuko kwa mikono miwili, akaketi kigarini, magoti yakagusa kidevu. "Haya, nipeleke msikitini, shemeji. Taratibu, lakini." Habari ya kuuza hakuitaja tena.

Alhamisi, tarehe 17, niliurudisha mfuko mahali pake nikaanza safari ya nyumbani. Penye mikorosho iliyochanua niligeuza uso kushoto nikasema, "Mwaka huu imewahi." Mchanga haukujibu.

Nilijifunza kwamba tairi haliharibiwi na mwendo tu. Kusimama hulimaliza pia. Jioni ile nilijaza upepo, nikaiinua pikipiki juu ya matofali, kivulini, nikaandika tarehe ukutani kwa chaki. Kila Jumapili nitayazungusha magurudumu kwa mkono, hata kama sina pa kwenda.