Kafi la Mkono Mmoja

Mume wangu Zihindula anatoka upande wa Bukavu, kwa watu wanaoingia ziwani kama mimi ninavyoingia jikoni. Mimi Kaswera ni wa Butembo. Sisi wa huko tumezaliwa milimani, na maji tunayajua yakiwa ndani ya bidoni, madumu ya plastiki. Tangu anioe, kila anapokwenda kuvua nakaa roho juu mpaka arudi, na sijawahi kumficha.

Basi pikipiki ilipomwangusha kwenye mawe ya mtaa wa Ndosho, mkono wake wa kushoto ukabaki unaning'inia tu, niliona habari ya ziwa imekwisha. Alikaa nyumbani. Miezi ikapita naye yuko kwenye kiti mlangoni, bugali anaimega mara mbili na kuisukuma sahani. Mwanaume aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanauliza kuna nini, sasa anaitikia salamu kwa kichwa. Hilo nalo lilinitisha. Nilikuwa na hofu mbili nyumba moja, na moja ilikuwa haijui nyingine.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na kayaki, chombo chembamba cha plastiki cha mtu mmoja. Aliachiwa na hoteli moja ya Kyeshero aliyokuwa akiilinda, ilipofunga milango. Kasia lake lina mabapa mawili, moja kila ncha, na linataka mikono miwili. Asubuhi moja akaniambia ameagiza kafi fupi, kasia dogo la kushika kwa mkono mmoja. Mshipi wa kuvulia ataufunga kwenye dole gumba la mguu, mkono wa kulia utapiga maji. Alisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi. Nikamwuliza mkono huo ukichoka ataazima wa nani. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Aliyesema hivyo hakuwa ameolewa na Zihindula.

Nikamfuata kwa seremala, nikiwa na nia moja tu, kwamba lisipatikane kafi la kumfaa. Seremala ni Papa Hitimana wa Ndosho, namfahamu vizuri. Mimi napika kwenye malewa, kibanda chetu cha chakula, na miiko yangu yote ya kusongea bugali imetoka mikononi mwake.

Hakuwa amewahi kuchonga kafi fupi, kwa hiyo alichonga mawili ili mteja achague. La kwanza alikuwa amechukua kasia la mtumbwi, akafupisha mpini na kuacha bapa lilivyo, pana, la mbao nyekundu ya Beni, limesuguliwa mpaka linang'aa. La pili lilikuwa la mbao ya grevilea, jeupe, jembamba, na mwisho wa mpini kuna kirungu cha kujaza kiganja. Lilikuwa mwiko mtupu, mwiko uliokula ukashiba kidogo.

Zihindula alikaa kwenye kigoda katikati ya maranda, akachukua lile jekundu, akaanza kupiga hewa kulia na kushoto. Hewani kila kitu ni chepesi. Uso ukamchangamka, Papa Hitimana naye akamsifu, na mimi nikasimama pale nikijua kabisa wanakosea. Mwiko mpana wenye mpini mfupi nauelewa. Bugali ikianza kushika, unajigeuza mkononi, na kifundo kinauma kabla sahani ya kwanza haijatoka.

Nilikuwa na haja gani ya kusema? Achukue hilo hilo, mkono umshinde karibu na ufuko, arudi, kayaki ikae nyuma ya nyumba. Papa Hitimana akalifuta vumbi ili ampe. Halafu nikawaza, je, mkono ukimshinda katikati, na upepo wa mchana umeanza?

"Papa Ange, acha ile," nilimwambia mume wangu, kwa jina la mtoto wetu. "Itakuvunja mukono ukiwa katikati ya maji. Kamata ile nyeupe."

"Ile njo ya kusonga bugali," alibisha, kwamba hiyo ndiyo mwiko hasa.

"Njo maana naijua."

Nikamvuta mpaka kwenye pipa la maji ya mvua. Jekundu lilimpindukia mkononi mara moja. Jeupe nikamwekea kirungu kwenye kiganja, nikamshika kifundo, nikamwonyesha jinsi ya kukunja mkono mwishoni, kama unapokwangua ukingo wa sufuria. Akakoroga, akakoroga tena. Akacheka kicheko chake cha zamani, mpaka mafundi wa jirani wakageuka. Nilifurahi, na papo hapo nikakumbuka ziwa.

Kesho yake tulishuka Kyeshero, ufukoni. Mimi mwenyewe nilimfunga jile, fulana ya kuelea, kamba zote, naye akaniahidi hataenda mbali, atabaki mbele ya mawe meusi ninapoweza kumwona. Akasukuma. Mwanzo kayaki ilizunguka tu mahali pamoja, na nikapumua, nikasema Mungu amesikia. Kisha akakumbuka kukunja mkono kule mwishoni. Kayaki ikanyooka, ikayapita mawe, ikaendelea, ikawa ndogo, na kona ya ufuko ikaificha.

Nilisali Salamu Maria zikanichanganyika. Akina mama waliokuwa wakifua waliniuliza nimepoteza nini, nikawaambia mume. Wakacheka, wakadhani natania. Upepo ulianza kuyainua maji kidogo kidogo, na mimi nilisimama nikijilaani kwa kufungua mdomo wangu kule kwa seremala. Lile jekundu lisingemfikisha hata kwenye mawe.

Alitokea jua likiwa juu kabisa, kayaki imenyooka kama ilivyokwenda. Akashuka amelowa hadi kiunoni, na tilapia nne kwenye kamba.

"Mama Ange, iko muzuri sana," aliniambia. "Haichokeshe. Kesho nitafika kule pirogi za sambaza ziko."

Pirogi za sambaza, mitumbwi ya kuvulia dagaa, hukaa mbali katikati ya ziwa. Nilitaka kumkumbusha ahadi yake. Lakini uso wake ulikuwa ule wa kabla ya pikipiki. Alikuwa ameshika samaki kwa mkono wake mmoja, hivyo kafi nikalichukua mimi. Nikapanda nalo mpaka nyumbani, yeye akiwa mbele akisalimia kila mtu kwa sauti, na mimi nyuma nikijua kwamba kesho ni mimi tena nitakayelibeba kulishusha ziwani.