Kibandiko cha Maji Safi

Yudith Chilongani ni fundi wa maabara, na kama mafundi wengi ninaowajua, ana kiburi kidogo. Nasema hivyo kwa sababu nafanya kazi meza ya pili kutoka yake, katika nyumba ya kupanga tuliyoigeuza maabara, nje kidogo ya Chimwaga, Dodoma. Kazi yake ni kutengeneza fuwele ndogo, laini kama unga wa sembe. Ukizimulika kwa infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, zenyewe hutoa urujuanimno, ule mwanga mkali tunaotaka utuulie vijidudu kwenye maji. Siri yake ni chembe ya thuliamu, madini adimu yanayoagizwa kutoka mbali. Jumatatu ile Yudith alimaliza kichupa chetu cha mwisho cha madini hayo.

Fuwele zikikubali, mradi unaendelea. Zikigoma, Dokta Anyitike, mkuu wa mradi, anafunga milango na Yudith anarudi kwao Mlali kulima alizeti na cheti chake mfukoni. Alilijua hilo vizuri.

Tanuri likiwa bado linapoa, aliinua dumu la maji ili aoshe vyombo, akaona utando mweupe mdomoni mwake. Akaonja tone moja. Chumvi. Mtu wa Dodoma, ambako maji ya bomba yana chumvi, haulizi imetoka wapi.

Maji hayo ndiyo aliyochanganyia dawa zote za fuwele, na chumvi huziharibu.

"Mama Gladness," alimwita Angelina, mama yetu wa usafi. "Hili dumu alijaza nani?"

"Nilijaza mimi, mwanangu. Ijumaa nililikuta linaisha. Nikaacha bomba limwage kwanza ile kutu, ndipo nikakinga. Imeandikwa maji safi, nami nikahakikisha ni safi."

Yudith alifungua mdomo afoke. Kisha akakitazama kibandiko cha dumu. MAJI SAFI, kwa mwandiko wake mwenyewe. Na mjini hapa maji safi ni yapi kama si ya bomba, yale tunayoletewa bili? Angeandika maji ya betri, kila mtu angejua ni yale ya kununua, yasiyo na chumvi. Lakini aliona aibu. "Hapa si gereji," alisema siku ile anaandika, nami nikacheka naye.

Saa tisa Dokta alifika. Tukafunga mapazia, akazimulika fuwele kwa mwale wa infraredi. Mshale wa kipimo ulitikisika kidogo, ukarudi sifuri. Akawasha tena. Sifuri.

"Maji yalitoka wapi?" aliuliza taratibu.

Angelina alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake, kibarua asiye na mkataba. Yudith alimtazama, nami niliogopa atakachosema.

"Kwenye dumu nililoliandika vibaya mimi."

Dokta alizima mwale, akatoka. Kesho yake alituambia tumalize mwezi, kisha anafunga.

Asubuhi hiyo hiyo Yudith alibandua kibandiko, akaandika kipya: MAJI YA BETRI. Angelina alikisoma silabi kwa silabi, halafu fagio likamponyoka.

"Kumbe ni mimi niliyeharibu. Mbona hukusema?"

Macho ya Yudith yalikuwa yamejaa maji.

"Nishikie hapa, mama," alisema, "nibandike vizuri."