Kasamaki ka Projesti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushikishwa patasi. Nilifika karakana ya Kayanga, nyuma ya maduka ya sokoni, nimevaa shati ambalo mama alilipiga pasi ya mkaa, nikamwamkia Fundi Mkuu shikamoo, naye akaitika bila kuinua kichwa. Alikuwa mtu wa asili ya pwani. Babu yake alikuja huku na biashara ya nguo, na Kiswahili cha mjukuu kilitufanya sisi Wanyambo tuone haya kufungua midomo. Alinipa kipande cha mti wa musizi na beseni la maji.

"Kitie humo," akasema. "Kisha uniambie kinalalia upande gani."

Nilikitia, kikazunguka, kikayumba, kikatulia. Nikamwonyesha upande uliokuwa chini.

"Basi hapo ndipo tumbo. Ukichonga mgongo mahali Mungu alipoweka tumbo, samaki wako atakufa kabla hajaogelea."

Kila kipande cha mti kina upande mzito, na fundi wa vyambo hauchagui kwa macho, huyaachia maji yaseme. Nilifurahi sana kulijua hilo mapema. Furaha yenyewe haikufika saa ya chai, maana kijana wa pili aliyeanza kazi siku ileile, Projesti wa kutoka Rugera, alipopewa kipande chake hakukitia majini. Alikiweka kiganjani, akakigeuza kidogo, akasema kwa heshima ya kikwetu, "Ni huku, waitu." Fundi Mkuu akakitia kwenye beseni, na kweli ikawa huko. Hapo ndipo alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na hakuniinulia mimi.

Nimesikia watu wakisema wivu huja polepole. Wangu ulikuja siku hiyo, ukaingia na kukaa.

Kwa ninyi vijana mliozoea samaki wa plastiki wanaouzwa kwenye pakiti, nieleze kidogo. Tulichokuwa tukitengeneza ni chambo cha mti, samaki wa kuchonga anayefungwa kwenye mshipi na kukokotwa nyuma ya mtumbwi, ili kambare amdhanie samaki mgonjwa na kumrukia. Wateja wetu walikiita kasamaki. Musizi ulipendwa kwa sababu ni mwepesi na unachongeka. Tuliukausha darini juu ya moshi wa jiko, tukauchonga kwa kisu kifupi, tukausugua kwa msasa, kisha tukapasua tumbo kwa msumeno mwembamba ili kupitisha uti, yaani waya mmoja kutoka mdomoni hadi mkiani. Bila uti, kambare mkubwa angepasua mti na kuondoka na ndoana. Baada ya uti tulitia risasi iliyoyeyushwa ili tumbo libaki chini, tukaziba kwa gundi, na mwisho tukapachika ulimi, kipande cha bati kinachotokeza mdomoni. Ulimi ndio unaokifanya chambo kizame na kuchezacheza. Ukiupinda vibaya, chambo hujiviringisha kama mtoto aliyenyimwa sukari.

Bwana Samaki wa wilaya, ndivyo tulivyomwita afisa wa uvuvi, alikuwa rafiki wa karakana. Alikuwa na vita na kokoro, wavu ule wa kukokota unaozoa hadi watoto wa samaki. "Mshipi humchagua mkubwa," alizoea kusema, na kila alipokwenda kwa wavuvi alibeba vyambo vyetu mfukoni.

Kujaribu chambo kulikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilifanyika nyumbani. Hakuna aliyekuwa na bwawa, lakini kila boma lilikuwa na mtumbwi wa pombe, lile gogo refu lililochimbwa ambamo ndizi hukamuliwa kutengeneza rubisi. Siku ambazo haukuwa na pombe tuliujaza maji na kukokota chambo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hatua ya pili ilikuwa ziwani, mbele ya Mjaribu.

Mjaribu ndiye aliyekuwa mtu. Alikaa mbele ya mtumbwi, mshipi umepita juu ya kidole chake cha shahada, akasikiliza mtetemo, akageuka kutazama maji, kisha akatamka neno moja kati ya mawili: "Kinauzwa," au "Kinarudi." Hata Fundi Mkuu hakuwahi kulipinga neno lake. Sisi tuliochonga tulisimama ukingoni kwenye mafunjo tukingoja. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyotaka mke, na mke mwenyewe alilijua hilo.

Mjaribu wetu wa zamani alipozeeka akaomba kupumzika, Fundi Mkuu alitangaza kwamba mimi na Projesti kila mmoja achonge chambo kimoja, na ambaye chambo chake kingependwa na samaki ndiye angekaa mbele. Nilichonga changu kwa saburi hadi nikajinyima kulala. Tulipofika ziwani, Bwana Samaki alikuwapo, na mpiga kasia akatuzungusha taratibu kando ya mafunjo. Changu kilivuta majani. Cha Projesti kilivuta kambare mwenye kichwa kipana kama jembe, na kabla hatujamaliza kumshangaa, akaja mwenzake.

Nilikichukua chambo chake nikakinusa. Sijui kwa nini nilikinusa. Labda roho ilishajua.

"Fundi, nusa hiki," nikasema. "Kinanuka rubisi!"

Projesti hakubisha. Alicheka. "Waitu, nyumbani walikuwa wamekamua. Nilikajaribia kwenye mtumbwi kabla haujaoshwa, nikakasahau humo mpaka asubuhi."

Bwana Samaki akatikisa kichwa. "Kambare hutumia pua kuliko macho. Haya si mashindano tena."

Moyo wangu uliruka. Fundi Mkuu aliamuru chambo cha Projesti kisuguliwe kwa majivu na kuoshwa mpaka harufu iishe, na wiki iliyofuata turudie.

Sasa mtu mwenye akili zake angekwenda nyumbani kuchonga vizuri zaidi. Mimi nilifikiri kama Mnyambo: kama kambare wanapenda rubisi, wataipata. Mke wangu alikuwa amekamua, pombe imeanza kuchemka kwa mtama, nami nikakizamisha chambo changu katikati, nikakifunika na majani ya migomba, nikakiacha humo kilewe vizuri. Yeye aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia akae kimya, hii ni kazi ya kitaalamu.

Ziwani, chambo changu kilitoka mtumbwini kwa madaha, kikatembea kidogo, kisha ulimi ukaanguka. Musizi ulikuwa umekunywa pombe ukavimba, gundi ikaachia, na tumbo likafunguka mbele ya wakubwa wangu wote. Chambo kikageuka, kikaelea mgongo chini, tumbo juu, kikinuka rubisi hadi kwa mpiga kasia.

Fundi Mkuu alikitazama kwa muda. "Yusto," akasema kwa Kiswahili chake kile safi, "samaki wako amelewa."

Walicheka wote. Mpiga kasia alicheka mpaka mtumbwi ukaingiza maji. Na cha Projesti, kilichosuguliwa kwa majivu, kisicho na harufu yoyote, kilivuta kambare wakati sisi tungali tunacheka. Nasema tungali, lakini mimi sikucheka. Kayanga nzima iliniita Rubisi kwa miaka mingi, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Projesti akakaa mbele. Mimi nikahamishiwa Nyaishozi, kwenye tawi dogo barabarani, lililokuwa chini ya Mama Msimamizi, mjane wa mwenye duka, Mlutheri wa kukaza kitambaa kichwani, asiyejua kuchonga lakini anayejua wachongaji. Aliponikuta siku moja nikipima mkia wa chambo cha Projesti kwa uzi, hakunificha.

"Wewe Yusto, unachonga huku unamchungulia mwenzio. Utajikata."

"Nataka kujua tu, Mama, anafanyaje."

"Mm. Unataka kujua, au unataka asijue?"

Nikaurudisha uzi mkiani. Niwaambie nilichokipata kwa uzi ule. Vyambo vyetu sote viliyumba kushoto na kulia sawasawa. Cha Projesti kilikuwa kinasita. Kabla ya kugeuka kilisimama kidogo sana, kana kwamba kimesahau njia, na hapo ndipo kambare alipokipiga. Aliukondesha mkia upande mmoja, kidogo tu. Niliukondesha wangu vivyo hivyo, nikapima, nikarudia. Changu kiliyumba, hakikusita.

Na kilichoniunguza zaidi ni hiki. Vyambo vyangu kutoka Nyaishozi vilipelekwa Kayanga kujaribiwa na yeye. Laiti angevikataa tu, ningemchukia kwa raha. Hakuvikataa. Alivikwangua kidogo hapa na pale kwa kisu chake, vikaogelea, akasema vinauzwa, na vikauzwa kama kazi ya Yusto wa Nyaishozi. Wavuvi waliponisifu nilihisi ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ingawa sifa zilikuwa zao na mafuta yalikuwa yake. Hapo niliota kijiba cha roho ambacho hakuna ibada iliyokiondoa.

Baadaye nikapelekwa upande wa Kyerwa, karibu na Mto Kagera. Kazi ya mtoni ni nyingine kabisa. Mkondo hukivuta chambo kabla hujakivuta wewe, kwa hiyo ulimi unafupishwa na risasi inaongezwa karibu na kichwa. Kwa sababu ya viboko na mamba, tulijaribia kutoka ukingoni, mtu mmoja akikokota na mwingine akilinda. Huko sikuwa na Mjaribu juu yangu. Nilikisia mwenyewe, nikatamka mwenyewe, na nikalipenda sana lile neno "kinauzwa" likitoka kinywani mwangu. Bwana Samaki wa huko, mtu mkali asiyesifu ovyo, alikishika chambo changu siku moja akaniambia, "Mzee Yusto, hiki kinahimili mkondo." Nililala na maneno hayo msimu mzima. Kisha akaja tena akamalizia sentensi yake: "Yaani kama vile vya yule wa Kayanga."

Huko Kyerwa, nikiwa peke yangu kwenye ukingo ule, ndiko nilikojua jambo moja kuhusu nafsi yangu. Nililijua vizuri, nikalitafutia maneno, nikaliweka tayari, nikingoja siku ya kumwambia Projesti uso kwa uso.

Tulistaafu karibu pamoja. Samaki wa plastiki walikuwa wamejaa madukani, wa rangi kama peremende, na karakana ya Kayanga ikageukia milango na vitanda. Fundi Mkuu alikwishafariki, na tulimzika kwa heshima zote. Mimi nikarudi Nyaishozi kwenye migomba na kahawa yangu. Yeye Rugera kwake. Tulionana misibani, tukaulizana hali, na kila mara niliangalia mikono yake kama bado haitetemeki.

Masika yaliyopita alikuja kwangu kwa bodaboda bila taarifa. Alishuka akipapasa, nikajua macho yamekwisha. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Mke wangu alimletea kahawa ya kutafuna, akatafuna, kisha akatoa kitambaa mfukoni, na ndani yake mlikuwa na kasamaki kapya, bado kananuka vanishi.

"Ta Yusto," akasema, akiniita kwa heshima ya wazee wa kwetu, "nimekachonga kwa vidole. Lakini majini sioni tena. Nenda unitazamie kanavyotembea."

Chini ya shamba langu kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilimshika mkono tukashuka. Akakaa kwenye jiwe, nami nikafunga mshipi, nikakitupa chambo katikati, nikakiacha kitulie, nikaanza kukokota.

Sasa mnielewe vizuri. Nilikuwa Mjaribu. Baada ya maisha yote yale, neno lilikuwa langu, na juu ya kazi ya Projesti mwenyewe. Hapakuwa na Fundi Mkuu wala Bwana Samaki. Ningesema "kinarudi," angekifunga tena kitambaani, angerudi Rugera akiamini kwamba mikono nayo imekwisha, na angeacha kuchonga. Nilitamani kusema hivyo. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye meno.

Chambo kikaja taratibu kwenye maji yale ya udongo. Kikayumba kushoto, kikasita. Kikayumba kulia, kikasita. Kipofu alikuwa amekichonga, na kilikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kuchonga nikiwa na macho mawili. Roho iliniuma mpaka nikaacha kukokota.

"Je?" akauliza.

Nikaukokota mshipi tena.

"Kinasita," nikasema. "Kinasita palepale. Kinauzwa."

Alishusha pumzi, akafuta uso kwa kitambaa. Kisha akacheka kile kicheko chake cha mtumbwini.

"Nilijua utasema kweli. Huko nyumbani wananiambia ni kazuri kabla hakajaguswa na maji. Wewe umenionea gere tangu siku ya beseni, Ta Yusto, usidhani sikuona. Na mtu anayekuonea gere ndiye anayekutazama kuliko wote. Hakuna anayejua mikono yangu kama wewe, hata mke wangu."

Nilikivuta chambo hadi ukingoni, nikakitoa majini. Lile ndilo jambo nililoligundua Kyerwa, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimelitunza miaka yote hiyo ili niliseme mimi, na hata hilo akanitangulia.