Mvalisha Sanamu wa Kizota na Kanga Iliyosema Bila Kutumwa

Saa mbili asubuhi, mitaa ya Kizota imeshachangamka kwa misumeno ya maseremala na mashine za kuchomelea vyuma. Ndani ya ghala moja la zamani la vitambaa, Mwanaharusi Mbaruku amepiga magoti nyuma ya sanamu ya mwanamke, pini mdomoni, akishindilia pamba mahali ambapo mtengenezaji wa sanamu alisahau kuweka nyama.

“Hawa wa dukani hawana nyonga,” anasema baada ya kuzitema pini kiganjani. “Sasa kanga itakaa wapi? Itaning’inia kama pazia la bafuni.”

Mwanaharusi, 51, ni fundi cherehani aliyegeuka kuwa mvalisha sanamu wa makumbusho. Kazi hiyo hakuisomea, na mpaka leo mumewe hajui aieleze vipi mbele za watu. “Akiulizwa anasema mke wangu yuko ofisini,” anacheka. “Basi, inatosha.”

Ghala hilo ni la familia ya Shenaz Lalji, waliouza vitambaa mjini Dodoma tangu enzi za babu yao. Biashara ilipodorora, Shenaz aligeuza ghala kuwa makumbusho, akaanza kukusanya mavazi ya watu wa mkoa: vazi la ngozi na shanga kutoka Kolo, migolole, sari za harusi, kanzu zilizotariziwa kwa mkono.

Wakati huo Mwanaharusi alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza la jirani. Siku moja aliingia kuchungulia, akakuta kanzu imevalishwa nyuma mbele, akacheka, akaajiriwa. Analipwa shilingi laki tatu kwa mwezi, na ipo miezi ambayo Shenaz humwomba radhi kwanza, mshahara ukafuata baadaye.

Mwaka huu makumbusho hayo madogo yanaomba tuzo ya maonyesho bora ya mavazi, inayoshindaniwa na makumbusho ya nchi kadhaa. Si suala la sifa tu. Rizwan, kaka yake Shenaz, ana sehemu yake katika jengo hilo na ameshasema wazi kwamba tuzo ikikosekana, ghala litapangishwa kwa muuza magodoro.

“Na godoro halihitaji mtu wa kulivalisha,” anasema Mwanaharusi. Hapo hacheki.

Masharti ya tuzo ni picha za maonyesho pamoja na ridhaa ya kila familia iliyoazimisha vazi. Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka siku wenye mavazi walipoalikwa kuja kutazama.

Kwenye kona ya harusi palisimama sanamu mbili. Moja ilivaa suruali ya marinda na ushungi wa hariri wa marehemu mama yake Bi Mwanasha. Nyingine, iliyokuwa mbele na kumpa mwenzake mgongo, ilijifunga kanga nyekundu ya marehemu mama yake Bi Shamila. Mwanasha na Shamila wamechangia baba. Mama zao walikuwa wake wenza.

Kanga, kama kila mwanamke ajuavyo, hufungwa jina likiwa nyuma, alisome anayefuata. Na jina la kanga ile lilikuwa hili: UTANUNA MWAKA HUU NA MWAKANI.

Wageni waliangua kicheko. Bi Mwanasha hakucheka. Alijitanda mtandio wake, akatoka bila kuaga, na kesho yake akatuma ujumbe kwamba vazi la mama yake lirudishwe nyumbani na ridhaa yake ameifuta.

“Mimi niliangalia wekundu,” anasimulia Mwanaharusi, mkono shavuni. “Ule wekundu na ule ushungi vilipendana. Fundi mzima wa kanga, nikasahau kusoma!”

Shenaz alitaka kutuma dereva. Mwanaharusi akakataa. Aliyeharibu ni yeye, na radhi haitumwi kwa gari. Akalikunja vazi lile vizuri, akalifunga kwenye kitambaa cheupe, akaenda mwenyewe.

“Shikamoo mama,” alisema mlangoni.

“Marahaba. Umeniletea maneno mengine?”

Hata hivyo alikaribishwa. Bi Mwanasha, mwenye miaka 68 na magoti yanayosumbua, alimwonyesha sanduku la mama yake, akamwomba alipange vazi mwenyewe kwa kuwa kuinama hawezi. Mwanaharusi alipoinua nguo za juu kupata nafasi, akaona wekundu anaoufahamu. Akaikunjua nguo hiyo. Ilikuwa kanga ile ile, na jina lile lile.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mnunuzi ndiye anayekata katikati na kupinda. Mwanaharusi akaligeuza pindo. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani.

“Ile nyingine nilikuwa nimeshinda nayo wiki nzima,” anasema. “Uzi wa kijani kwenye kanga nyekundu, nani anafanya hivyo? Nikamwambia, mama, hii ni doti moja, na aliyeipinda ni mtu mmoja.”

Bi Mwanasha alilisogeza pindo machoni. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu walipogawana mirathi ya baba yao: akampigia simu Shamila, akaiweka spika.

“Kumbe dada hujui?” sauti ya Shamila ikasikika. “Ile doti waligawana. Mwaka ule baba alipotaka kuongeza mke wa tatu. Mama mkubwa akanunua, mama akapinda. Siku ya kwenda kuposa wakajifunga wote wawili, wakampita barazani, mmoja baada ya mwingine.”

“Na baba je?”

“Baba alivua kanzu, akasema kichwa kinamuuma.”

Bi Mwanasha alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikaishia machozini. “Sisi tumenuniana miaka yote hii,” aliliambia gazeti hili, “kwa niaba ya watu ambao wala hawakununiana.”

Ridhaa aliirudisha siku hiyo hiyo, na kanga ya mama yake akaiongeza juu. Sanamu inayotiwa nyonga asubuhi hii ndiyo itakayovalishwa kanga hiyo.

Kufikia saa tano wanawake wawili wa pamba wamesimama bega kwa bega, majina yao mgongoni. Nyuma yao Mwanaharusi ameweka mwanamume wa kanzu, peke yake, kichwa amekiinamisha kidogo. Shenaz anapiga picha huku akicheka. Jioni maombi yanatumwa.

Majibu yatatoka mwishoni mwa mwaka. Mwanaharusi hajifanyi kutokujali. Anataka ushindi, anataka ghala libaki, na anataka kufundisha wasichana kazi hii kabla macho yake hayajachoka. Lakini kuhusu nani atakwenda kupokea tuzo, ameshaamua bila kumuuliza mtu.

“Waende Bi Mwanasha na Bi Shamila. Doti yao ya kuvaa siku hiyo nimeshainunua,” anasema, akiupapasa mkasi uliopo mezani. “Siku wakija pamoja, nitaikata.”