Wekeni Majembe Chini

Huku kwetu milimani, juu ya Matombo, ukitaka watu wakubebe, kufa kwanza. Nasema bila aibu, maana nimewapikia harusi zao zaidi ya miaka thelathini. Ukifa, kengele ya kigango, kanisa letu dogo, inagongwa, na kabla hujapoa wanaume wamejaa uani, kila mmoja na jembe la kuchimbia kaburi. Ukiugua, watakupa pole.

Mimi ni Mnyamwezi niliyeolewa Uluguruni, kwa hiyo wote hawa ni watani zangu. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni mjini Morogoro, na kila harusi ya huku walinipandisha kuja kupika. Nilipostaafu nikarudi nyumbani kwa marehemu mume wangu, nikakaa barazani kama sufuria lililotoboka. Siku inaanza, siku inaisha, hakuna anayenihitaji.

Ndipo binti wa jirani yangu akashikwa na uchungu, na damu ikaanza kumtoka kabla ya wakati. Gari halifiki kwetu. Mpaka barabarani ni mteremko wa saa mbili, mgonjwa yuko kwenye machela, na machela inataka watu wanane wa kupokezana. Nikapita nyumba kwa nyumba. Mmoja kiuno kinamuuma, mwingine miche yake ya kabichi inakauka. Kilabuni wakanicheka: "Shikamoo bibi! Si ubebe wewe? Wanyamwezi ndio wapagazi!"

Nikapata watatu tu. Ncha ya nne ya machela nikaishika mwenyewe, na umri huu, mama wa mgonjwa, yule jirani yangu, akitembea kando kamshika mkono. Tulipumzika kila kona. Kwenye kona ya mwisho, barabara tunaiona kabisa, mkono ule ukalegea. Akaenda yeye na mtoto wake tumboni.

Kesho yake kengele ikalia. Ee, bwana wee! Walikuja zaidi ya arobaini! Mwenye kiuno, kiuno kimepona. Mwenye kabichi, kabichi zimejimwagilia zenyewe.

Walipotaka kumtoa marehemu kwenda makaburini, nikaitandika ile machela, na damu yake, katikati ya njia, nikalala juu yake. Wakaangua kicheko. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko, na hatoki mpaka apewe kitu.

"Mpeni soda atupishe!"

"Soda kunyweni wenyewe," nikasema. "Nibebeni! Nibebeni ningali hai, nione kama mnajua!"

Kicheko kikakatika. Nikawatukana mmoja mmoja, na utani unaniruhusu. Sikuinuka mpaka mwenyekiti wa kitongoji alipotamka, mbele ya jeneza, kwamba kuanzia siku ile kengele italia kwa mgonjwa pia.

Haya. Wiki chache baadaye mke wa mwenzao mmoja, mkulima wa ndizi, akaanza kutokwa damu vivyo hivyo. Nikakimbilia kigangoni, nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Wakaja mbio. Na majembe!

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Mgonjwa huyo, wekeni majembe chini!"

Mnajua walifanya nini? Wakashusha pumzi. "Aa, kumbe mzima," na wawili wakageuka kurudi shambani. Wallahi nilitafuta jiwe.

Mama wa yule marehemu alikuwa amefika pia, kajifunga kanga ya msiba, bakuli la unga wa rambirambi mkononi. Akalitua bakuli, akashika mti wa mbele wa machela.

"Wangu naye alikuwa mzima," akasema, "mlipokuwa kilabuni."

Hakupandisha sauti. Majembe yakawekwa chini, na wale wawili wakarudi wakiangalia vidole vya miguu yao. Tulifika barabarani kabla ya adhuhuri. Mgonjwa alipona, na mtoto wake siku hizi ananiibia ndizi.

Sasa kamba ile ni kazi yangu. Magoti yananiuma, lakini barazani sikai tena. Watu wanajua mlango wa kugonga. Wanaume wa hapa bado wanakuja na majembe, vichwa vigumu hawa, nami bado nawatukana kabla hawajagusa machela. Mama wa yule marehemu huja wa kwanza, na mti wa mbele hamwachii mtu.